Gari Mbili Zilizosimama

Sura ya Nne

Saa mbili ya asubuhi Inspekta Eugène Ekyamba aliingia kituo cha afya cha Baraka na kalamu mbili mfukoni, moja ya buluu na moja nyekundu, na daftari la mistari ambalo jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 1998. Vita ilikuwa imekwisha tangu mwaka mzima, ndivyo redio ilivyosema, na watu walikuwa wanarudi kutoka Kigoma na sufuria zao kichwani. Lakini bariye za askari, vile vizuizi vya magogo, zilikuwa bado barabarani, na mtu akiangusha sinia jikoni, nyumba tatu zilikuwa zinatoka mbio.

Mama Florentine, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, alikuwa amelala kitanda cha tatu, chini ya dirisha. Mguu wake wa kuume ulikuwa umefungwa kati ya vipande viwili vya mbao za sanduku la sabuni, na herufi za sabuni zilikuwa bado zinasomeka. Muuguzi Georgette alifunua shuka kidogo, kwa vidole viwili.

"Ona bile bidole, Shefu. Jana magaribi bilikuwa bya moto. Leo biko baridi."

Vidole vya mguu vilikuwa na rangi ya majivu. Eugène aliviangalia, akaandika: rangi ya majivu, baridi.

"Kule Nundu kuko daktari wa kupasua," Georgette akasema. "Boti ya motere inaondoka saa nane. Ingine," akainua vidole vinne, "ni kisha siku ine. Kisha siku ine hapana kutengeneza tena, ni kukata. Mwenye boti anataka alipwe mbele, na kule Nundu banataka kulipwa mbele. Nani atalipa?"

"Mwenye kosa."

"Na mwenye kosa ni nani?"

Hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Jana mchana, kwenye mlima wa barabara ya Fizi, gari mbili zilikuwa zinapanda, kamyoneti ndogo ya abiria mbele na kamyo, lori zito, nyuma. Kamyo iligonga kamyoneti kwa nyuma, au ndivyo watu walivyosema, na mguu wa Mama Florentine ukavunjika katikati. Sheria Eugène aliijua kwa kichwa tangu masomo ya Uvira, kifungu cha 258: kila tendo la mtu linaloumiza mwenzake linamlazimisha mwenye kosa kulipa. Na shofere akikosa kwenye usukani, bwana wake ndiye analipa. Na barabarani, anayegonga kwa nyuma ndiye mkosaji, isipokuwa wa mbele awe amerudi kinyumenyume. Kazi ya saa moja, alifikiri jana alipopewa.

Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mama Florentine, ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma, ku ukingo wa kamyoneti. Bengine bote balishuka, banapanda mulima na miguu. Mi nilibakia kulinda bitunga byangu bya ndagala."

"Kisha?"

"Kisha nilisikia pwaa! Nikajikuta mi niko chini, na batu bote bamekimbia."

"Kamyo ilikuja na mbio?"

"Mbio sijui. Ilikuwa pale."

"Pale wapi?"

"Pale nyuma. Karibu." Mama Florentine aligeuza uso, akaangalia ukuta. "Uliza benye gari, baba yangu. Mi naumwa."

Eugène alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya maneno mawili: Ilikuwa pale. Gari inayokuja kugonga haiko pale. Inafika.

*

Biro ya polisi haikuwa na mlango. Mlango wa chuma uliondoka na vita, na mahali pake palining'inia mkeka. Mashofere wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, mmoja huku na mwingine kule, na katikati yao kofia. Lionel, wa kamyo, kijana wa Baraka, mwenye mabega mapana na jino moja lililovunjika. Gad, wa kamyoneti, mrefu, kutoka milimani Bibokoboko, alikuwa amevaa koti zito ijapo jua lilikuwa limeanza kuuma. Dirishani alisimama Bwana Henri, mfanyabiashara, mwenye kamyo, shati jeupe la mikono mirefu na vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

Nje kulikuwa na watu thelathini hivi, wa kando ya ziwa, na tangu vita watu wa ziwa na watu wa milima walikuwa hawaaminiani.

"Ule wa milima njo alirudisha gari!" mmoja akapiga kelele.

"We ulikuwa kule?"

"Hapana. Lakini najua!"

"Basi kuja utoe ushahidi wa kujua!" mwanamke mmoja akamjibu, na watu wakacheka.

Eugène alimtoa Gad kwenye baraza, akamwomba Bwana Henri atoke pia, akabaki na Lionel.

"Sema."

"Mi nilikuwa nasimama, Shefu. Nimekanyaga freni mpaka mugoti inauma. Kamyoneti njo ilirudi kinyumenyume."

"Ulisimama kwa nini?"

"Juu yeye alisimama."

"Umbali gani?"

"Karibu."

"Karibu ni metri ngapi?"

"Karibu tu, Shefu. Karibu kama ya batu babili banaongea."

"Uliona kamyoneti ikirudi?"

Lionel alijikuna shingo. "Kulikuwa mulio wa bunduki."

"Nimeuliza kama uliona."

"Mulio ukilia, nani anaendelea kuona?"

Eugène aliandika. Akamtoa, akamwingiza Gad.

"Sema."

"Nilikuwa nimesimama, mukubwa. Motere ilizimika. Nilivuta freni ya mukono na jiwe ilikuwa nyuma ya gurudumu. Huyu bwana akanigonga."

"Nani aliweka jiwe?"

"Mimi."

"Na nani aliliondoa? Nimeambiwa jiwe lilikutwa pembeni ya barabara, kwenye majani."

Gad alivuta kola ya koti. "Labda liliruka."

"Ulimwona akikugonga?"

"Nilisikia mulio wa bunduki."

"Nimeuliza kama ulimwona."

"Hapana, mukubwa. Sikumwona."

Eugène aliweka karatasi mbili sambamba juu ya meza. Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama. Alizisoma mara ya pili, akianza na ya kuume. Kama zote mbili ni kweli, hakuna aliyemgonga mtu, na mguu wa Mama Florentine umejivunja wenyewe.

Alipanda baiskeli akaenda bariye ya barabara ya Fizi, kwanza aulize juu ya ule mlio, pili apime mlima kwa macho yake. Koplo wa pale alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Aliapa kwamba jana hakuna risasi iliyotoka kwao, na kwamba naye pia alisikia mlio, na kwamba askari wake wawili walilala chini wakadhani ni waasi, wale wa porini.

"Basi nani alipiga?"

"Mi nilizani ni nyinyi polisi."

"Nataka kupanda niangalie mahali."

"Leo barabara imefungwa."

"Kwa nini?"

"Juu ya ule mulio."

Hakukuwa na la kufanya. Eugène aligeuza baiskeli. Saa yake ilionyesha saa nne kasoro robo.

*

Gari zote mbili zilikuwa nyuma ya ghala la zamani la pamba, chini ya ulinzi wa polisi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye debe. Kamyo ilirudi yenyewe jana jioni. Kamyoneti ilishushwa bila motere, ikiserereka taratibu mpaka chini, na kutoka chini watu kumi waliisukuma.

Eugène alianza na uso wa kamyo. Taa mbili, zote nzima, hata vumbi lake halijaguswa. Chuma cha mbele kilikuwa na matope makavu toka huku mpaka kule, isipokuwa katikati, ambapo matope yalikuwa yamefutika mahali penye upana wa viganja vitatu. Akapima tena. Viganja vitatu na vidole viwili.

Akaenda nyuma ya kamyoneti. Ubao wa nyuma ulikuwa umejikunja kidogo tu, kama sahani ya bati iliyokaliwa. Hapakuwa na rangi ya kamyo juu yake, na kamyo ilikuwa ya kijani. Palikuwa na alama nyeusi, ya mviringo, ya upana mmoja na pale palipofutika. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua. Kidole kikawa cheusi, na harufu yake ilikuwa ya mpira.

"Gari ikigonga ingine, taa inavunjika," akamwambia polisi wa debe.

"Njo, Shefu," polisi akakubali.

"Hii haikuvunja taa."

"Njo, Shefu. Labda iligonga pole."

"Na pole pole inavunja mguu?"

Polisi wa debe akahamisha bunduki toka goti moja hadi lingine.

Eugène alifungua kifuniko cha motere ya kamyoneti. Batri ilikuwa pale, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Akatoa vizibo sita, akachungulia ndani: pakavu. Akagusanisha nyaya. Hata cheche moja haikutoka. Gari ya namna hii, asubuhi unaisukuma na watu, inawaka, unaomba isizimike. Na jana ilizimika mlimani, mahali ambapo abiria saba waliochoka hawawezi kuisukuma kwenda juu.

Alikuwa bado ameinama pale alipomsikia mwanamke anakohoa kwa heshima. Alikuwa Fanny, muuza mandazi, abiria wa jana, aliyeitwa kutoa ushahidi. Alikuwa amevaa viatu vya sikukuu kwa ajili ya polisi.

"Nilishuka na bengine, Shefu, tulikuwa tumetangulia mbele, kwenye kona. Tulisikia pwaa! Batu bakasema, vita imerudi. Mi nilijitupa mu shamba ya muhogo, uso chini. Sikuona kitu."

"Hata kidogo?"

"Kidogo niliona pine."

"Pine gani?"

"Pine ya gari. Niliinua kichwa, iko kule chini yetu ku barabara peke yake, inashuka mulima, mbio mbio, kama mwizi anafukuzwa. Nilisema, Yesu, hata bapine banakimbia."

Eugène alisimama wima. "Pine ya kamyo au ya kamyoneti?"

"Si ya mutu. Gari zote ziko na zake, angalia. Ine na ine."

Aliangalia. Ilikuwa kweli. Kisha akainama chini ya kamyo, pale mashofere wanapofunga pine ya akiba, tairi la tano. Ndoano ilikuwa tupu. Kipande cha kamba kilining'inia, kimekatika kwa kulika, nyuzi zake zimefumuka kama ndevu.

"Ile pine ilienda wapi?"

Fanny aliangalia viatu vyake. "Ilianguka mu mufereji."

"Iko kule bado?"

"Hapana, Shefu."

"Mama Fanny."

"Iko kwetu. Bwana yangu anatengeneza sapatu. Pine ya bule haibakiaka ku barabara, Shefu, we mwenyewe unajua."

"Alete mara moja. Na asikate."

"Amekata kisigino kimoja tu," Fanny akasema, na tayari alikuwa amevua viatu vya sikukuu ili akimbie vizuri.

*

Pine ilifika saa sita kasorobo, Fanny mwenyewe akiiviringisha kwa fimbo. Mume wake alikuwa ameshachora juu yake nyayo nne kwa chokaa. Eugène aliisimamisha nyuma ya kamyoneti, akaiinua, akaizungusha taratibu mpaka alama za meno yake zikalala juu ya alama nyeusi ya ubao. Jino moja lilikosekana kwenye pine. Jino hilohilo lilikosekana kwenye alama. Upande wa pili aliupima kwa viganja: vitatu na vidole viwili.

Basi kamyo haikuja kugonga. Ilikuwa inasukuma, na pine iliwekwa katikati ili chuma kisile chuma. Kila mtu wa barabara ile aliwahi kuona jambo hilo. Kamyoneti inazimika mlimani, kamyo inakuja nyuma, inaegemea, inasukuma mpaka motere iwake.

Lakini pine inafungwa kwa kamba mbele ya kamyo, na kamba pekee ya kamyo, ile ya ndoanoni, ilikuwa imekatika. Bila kamba, pine inaanguka. Kuna mtu aliishika. Eugène alipiga magoti. Kwenye ufa wa juu wa pine kulikuwa kumenaswa nyuzi za kitambaa, za kijani na manjano. Asubuhi, chini ya shuka la kituo cha afya, Mama Florentine alikuwa amevaa kikwembe, kitenge cha kijani na manjano, kimechanika kwenye pindo.

Mwanamke amekaa ukingoni, miguu inaning'inia. Pine ameibana kwa miguu yake.

Eugène alibaki amepiga magoti kidogo. Kisha akaibeba pine mwenyewe mpaka biro, akapita katikati ya watu, na watu wakanyamaza kuona Inspekta mzima amechafuka shati kwa sababu ya pine ya kuzeeka. Akaiweka mezani, juu ya zile karatasi mbili. Akawaita Lionel na Gad kwa pamoja.

Gad aliangalia mikono yake. Lionel aliangalia pine, kisha akaangalia ile michoro ya chokaa.

"Nani amechora sapatu?"

"Usiulize maswali. Jibu."

"Shefu," Lionel akasema, "funga mulango."

Eugène alishusha mkeka.

"Nilikuwa namusukuma," Lionel akasema kwa sauti ya chini. "Motere yake ilizimika. Nilishuka, tukaongea, tukasalimiana. Nikamuambia nitakusukuma mpaka juu, pale we mwenyewe utaenda. Aliniahidi maziwa."

"Siagi," Gad akasema.

"Siagi."

"Na asubuhi mulisema wote mulikuwa mumesimama. Kwa nini?"

"Patron yangu amekataza kusukuma gari ya mutu. Atanifukuza." Lionel aliangalia mkeka, ambako sauti za watu zilikuwa zinapita. "Na tena, Shefu, unasikia bale? Niseme mbele yabo mi nilisukuma gari ya mutu wa milima? Siku hizi? Banajua mama yangu, banajua mahali tunalala."

"Na wewe?"

"Bwana wangu Rukunda alinikataza kutoka bila batri mpya," Gad akasema. "Na mimi pia naulizwa kule nyumbani nani ananisaidia huku chini."

"Nani aligonga nani?"

"Sijui," wakasema wote wawili, kwa mara moja.

"Msiseme sijui! Mmoja alienda mbele ao mwingine alirudi nyuma. Hakuna njia ya tatu."

Gad alisogeza mikono, kama mtu aliyeshika usukani. "Niliondoa jiwe, nikapanda, nikapiga honi moja, ndiyo ishara ya kusukuma. Akasukuma. Motere ikashika, ikatoa mulio, pwaa, kwa bomba la moshi. Lakini wakati ule sikujua ni bomba. Nilizani ni bunduki. Niliingiza kichwa chini ya usukani."

"Mguu wako ulikuwa wapi?"

"Sikumbuki. Kichwa ndicho nakumbuka."

"Na wewe, Lionel?"

"Chini ya usukani."

"Wote wawili?"

"Shefu, ungekuwa pale, tungekuwa batatu."

Eugène alikaa. Aliandika polepole, kwa kalamu ya buluu: Mlio ulikuwa wa motere. Kamyoneti iliruka mbele ao ilirudi nyuma, kamyo ilisimama ao ilisukuma. Mashofere wawili walikuwa wameficha vichwa. Abiria walikuwa wamelala shambani uso chini. Hakuna aliyeona. Alisoma alichoandika. Miaka kumi na moja ya kazi, na hii ndiyo PV, taarifa ya polisi, ya kwanza ambamo kila mtu alisema kweli na hakuna aliyejua kitu.

"Mama Florentine alishika pine kwa miguu," akasema.

Lionel alifuta chokaa ya pine kwa kidole.

"Nani alimwambia?"

Lionel akaangalia Gad. Gad akaangalia Lionel.

"Yeye," mmoja akasema.

"Hapana, yeye," mwingine akasema.

*

Bwana Henri aliingia saa saba, bila karani, mkoba wake aliubeba mwenyewe. Eugène alimsomea yote.

"Vizuri," Henri akasema. "Basi hujui nani aligonga."

"Sijui."

"Huwezi kuniandika mukosaji."

"Naweza. Ningekuandika asubuhi, kwa sababu gari yako ilikuwa nyuma. Ungekataa, ungesema kamyoneti ilirudi, na kwa mulima ule ungekuwa na haki ya kusema. Sasa ni kitu kingine. Ni kazi moja waliyoifanya wawili. Walikubaliana, mmoja akatoa ishara, mwingine akasukuma. Kosa la pamoja. Aliyeumia anaweza kudai yote kwa mmoja wao. Kisha huyo anadai nusu yake kwa mwenzake."

"Kwa nini mi njo huyo mumoja?"

"Kwa sababu Rukunda, mwenye kamyoneti, yuko Bibokoboko, siku mbili kwa miguu, na boti inaondoka saa nane."

"Na mi nitapanda Bibokoboko kudai nusu kwa mutu wa milima?"

"Utapanda, ao utatuma barua. Mguu wa mama hauwezi kungoja barua."

Henri alimgeukia Lionel. "Na we, siagi! Umesukuma gari ya batu juu ya siagi!"

"Ilikuwa bado kuletwa, patron."

"Nyamaza!" Henri alitoa kitambaa, akafuta shingo chini ya kifungo. "Inspekta, nimesikia kwamba mwanamuke alikuwa ameweka miguu katikati ya gari mbili. Kama alijiweka mwenyewe, hilo nalo ni kosa. La kwake."

"Bado sijamuuliza."

"Basi muulize. Mi nitakuwa ku fukwe. Nitalipa nikisikia jibu."

Eugène hakumuuliza. Alirudi mezani, akaiondoa pine, akaandika PV safi, herufi kubwa, ukurasa mmoja na nusu. Aliandika pine, kamba, honi, mlio, vichwa viwili. Alipofika kwenye miguu aliandika: abiria alikuwa amekaa ukingoni, na miguu yake ilikuwa mbele ya pine. Akaweka nukta.

Saa nane kasoro dakika ishirini walimleta Mama Florentine kando ya ziwa kwenye kitanda cha kubeba, Georgette akitembea pembeni ameshika chupa ya maji ya dawa juu kama taa. Boti ilikuwa imekwishapakiwa magunia ya muhogo. Motere ilikuwa inakohoa. Henri alisimama kwenye mchanga na viatu vyake vyeusi. Lionel na Gad walisimama nyuma ya wote.

"Weka kidole hapa, Mama," Eugène akasema.

"Mbele munisomee."

"Boti inaenda."

"Mi sijui kusoma, lakini kusikia najua. Fanny, soma."

Fanny aliichukua karatasi. Alisoma akifuata kwa kidole, neno kwa neno, na mwenye boti akapiga kelele mara mbili kwamba anaondoka. Fanny alipofika mwisho, Mama Florentine alikuwa amefumba macho.

"Na ile ya miguu?"

"Ipo," Eugène akasema. "Mbele ya pine."

"Miguu haikuwa mbele ya pine bule tu. Mi njo nilishika pine."

Henri alisogea hatua moja.

"Mama," Eugène akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "nani alikuambia?"

"Hakuna mutu aliniambia. Kamba ilikatika, pine inaanguka kila mara, bale babili banazunguka kama kuku. Nilikuwa na ndagala zangu, soko ya Fizi inaisha saa tisa. Niliwaambia, leteni, mi nitaishika na miguu. Mu mulima ile nimeisha fanya mara mbili mbele ya ile siku."

"Umesikia!" Henri akasema. "Mwenyewe!"

Georgette alimwangalia Inspekta kana kwamba angempiga kwa ile chupa. Eugène alishika kalamu ya buluu juu ya karatasi na hakuandika. Mwenye boti alikuwa anafungua kamba.

"Andika," Mama Florentine akasema. "Nikiponea mu bongo, mu maneno ya uongo, kila siku nitaangalia huu mguu na nitakumbuka bongo. Andika."

Aliandika. Ilichukua mistari miwili. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Lionel. Ulikuwa ndani ya kamyo. Mbele ya kioo chako kulikuwa nini?"

"Kamyoneti."

"Na nini tena?"

Lionel aliingia katikati ya watu mpaka akasimama kando ya kitanda. "Miguu ya mama."

"Uliiona?"

"Niliiona. Alikuwa na sapatu moja ya rangi nyekundu na ingine ya bulu."

"Na honi ilipolia?"

"Nilikanyaga mafuta."

"Gad. Wewe ulijua yuko pale?"

"Nilijua. Nilimwambia shika vizuri, mama. Kisha nikapiga honi."

"Bwana Henri," Eugène akasema, "mtu anayeona miguu ya mwenzake katikati ya vyuma viwili na kukanyaga mafuta, haijalishi nani aliiweka pale. Yeye ndiye alikuwa na macho, na yeye ndiye alikuwa na motere. Mama ana sehemu yake, nimeiandika, mahakimu wa tribunali ya Uvira wataipima. Lakini leo unalipa boti na Nundu. Ukikataa, naandika kwamba umekataa, na saa, na majina ya wote wanaosikia hapa."

Henri aliangalia watu. Walikuwa wengi kuliko asubuhi, na wale waliokuwa wanapiga kelele juu ya mtu wa milima walikuwa wanaangalia mguu. Alifungua mkoba. Hakuhesabu mbele ya watu. Alimpa Georgette bahasha, akasaini chini ya ukurasa kwa haraka mpaka karatasi ikatoboka, na Mama Florentine akaweka kidole chake chenye wino pembeni ya lile tundu.

"Na kama watakata mguu?" Henri akauliza.

"Basi tutaandika ingine."

Lionel na Gad walikibeba kitanda mpaka ndani ya maji, yakiwafika magotini, wakakipitisha juu ya magunia. Georgette alipanda. Motere ikashika, boti ikageuza pua kuelekea Nundu, na watu wakaanza kurudi sokoni wakiulizana ni nani basi aliyehukumiwa, wa chini ao wa milima. Wengine walisema huyu, wengine yule. Fanny alimuuliza Eugène kama anaweza kuchukua pine yake, na Eugène akasema hapana, ni ushahidi.

Lionel alitoka majini. Suruali yake ilikuwa inachuruzika maji. Gad alikuwa ameshaondoka, peke yake, kwa njia ya kando ya ziwa, bila kumuaga.

"Shefu."

"Mm."

"Kesho patron akinirudishia kamyo. Nikipanda ule mulima, nikikuta mutu gari yake imezimika."

"Ndiyo?"

"Nisimame?"

Eugène alifungua daftari, akalifunga. Aliangalia saa, akaangalia barabara ya Fizi, ambako bariye ilikuwa bado imefungwa kwa sababu ya mlio wa bomba la moshi na hakuna aliyekuwa amekwenda kumwambia koplo.

"Nakuuliza, Shefu," Lionel akasema. "We njo sheria. Nisimame, ao nipite?"